Mgongo wa Picha

Shosho alipofariki, kazi niliyopewa kwenye kamati ya mazishi ilikuwa ndogo: tafuta picha nzuri, ikuzwe, isimame karibu na jeneza. Binamu zangu walipewa tenti, viti na gari la kuchukua maiti. Mimi nikapewa picha, kwa sababu eti mimi ndiye mtu wa mambo ya sanaa.

Picha ambayo familia nzima ilikubaliana ilikuwa moja tu. Shosho akiwa msichana, ndani ya studio moja Nakuru, amesimama wima na mkoba mweupe mkononi. Alipenda kutuambia kwamba mkoba haukuwa wake, ulikuwa wa studio, na kwamba viatu vilikuwa vya rafiki yake aliyekuwa anangoja zamu nje bila viatu. Picha yenyewe ni ndogo, inatoshea kwenye kiganja. Nikaipeleka saiba moja mtaani. Kijana wa pale akaiskani, akaipitisha kwenye programu ya kusafisha nyuso, akaikuza hadi karibu futi tatu. Nilipoenda kuichukua nikakuta mwanamke nisiyemjua. Mashavu yamelainishwa hadi yameisha. Gauni, ambalo kwenye picha ndogo unaweza kuhesabu maua yake, limekuwa uji wa kijivu.

Shangazi aliitazama kwa muda akauliza, "Huyu ni nani?" Na hakuwa anatania.

Tuliitumia hivyo hivyo, kwa sababu mazishi yalikuwa kesho yake. Lakini wakati huo nilikuwa na deni la makala kuhusu Seydou Keïta, mpiga picha wa Bamako, na swali la saiba likanifuata hadi kwenye makala. Picha za Keïta nazo zilitoka studio zikiwa ndogo, za kushikwa mkononi. Leo zinaning'inia Paris na New York zikiwa na zaidi ya mita moja, na bado unaona uzi kwenye kitambaa, unaona mishale ya saa. Kwa nini yeye anakuzika na shosho yangu hakuziki? Nikaamua kuanza na kitu ambacho wahakiki wengi hukitaja kwa sentensi moja wakapita: kamera.

Ukianza kutafuta kamera ya Keïta, utakutana na hadithi moja kila mahali. Alizaliwa Bamako mnamo 1921 hivi, akafundishwa useremala nyumbani. Mwaka 1935 mjomba wake anarudi kutoka Senegal na kamera mkononi, ndani yake filamu ya picha nane. Anampa kijana. Kijana anapiga jamaa zake, na basi, mwalimu mkuu wa picha za Afrika amezaliwa. Kamera yenyewe hutajwa kwa jina: Kodak Brownie Flash.

Hapo kwa jina nikakwama. Kodak ilianza kuuza Brownie mwaka 1900, kwa dola moja ya Marekani, boksi rahisi ambalo hata mtoto angeliweza. Miaka mingi ilifuata na maboksi mengi ya namna hiyo. Lakini Brownie ya kwanza iliyokuwa na neno Flash kwenye jina lake, na mahali pa kuunganisha taa, ilitoka 1940. Sasa fanya hesabu. Mjomba alirudi kutoka Senegal 1935 na kamera ambayo Kodak ilikuwa bado haijaitengeneza. Ama mwaka umekosewa, ama jina la kamera.

Mimi naweka dau langu kwenye jina. Ile nambari nane inasimama vizuri kabisa: roli ya kawaida ya filamu za wakati ule, ukiipiga kwa vipimo vya sentimita 6 kwa 9, inakupa picha nane, si saba wala kumi. Mtu asiyekumbuka vizuri hawezi kubahatisha kitu kama hicho. Mzee anakumbuka mambo ya mkono wake, alizungusha kitufe mara ngapi kabla filamu kwisha. Jina la kampuni na la modeli ni mambo ya mwandishi. Na katika mji uleule wa Bamako kuna mpiga picha mwingine, mdogo kwa umri, Malick Sidibé, ambaye kamera yake ya kwanza kweli ilikuwa Brownie Flash, aliyoipata 1956 wakati kamera hizo zilikuwa za kawaida. Nashuku kamera ya kijana ilirudi nyuma miaka ishirini ikaingia kwenye hadithi ya mzee, na hakuna aliyejisumbua kuitoa.

Utaniambia, aisee, hii ni mikwaruzo ya watu wa makumbusho. Kamera ya boksi ni kamera ya boksi. Kweli. Lakini makosa haya yanaonyesha jinsi tunavyopenda kuandika kuhusu wapiga picha wetu. Angalia jinsi hadithi hizi zinavyoanza. Hata hapa kwetu, Mohamed Amin hufunguliwa na kamera ya boksi aliyoipata akiwa mtoto Dar es Salaam. Tunapenda zawadi. Tunapenda mtoto na kimashine cha bei rahisi, halafu muujiza. Hadithi hiyo inamfanya mpiga picha aonekane kama aliokota kipaji njiani, na inaruka miaka ya kazi iliyofuata. Kwa Keïta inaruka miaka kumi na mitatu. Katika miaka hiyo alikuwa seremala, alipiga picha za watu pembeni, alijifunza kuosha filamu kutoka kwa Mountaga Dembélé, mwalimu wa shule aliyekuwa pia mpiga picha, na alikuwa mteja wa duka la Mfaransa mmoja, Pierre Garnier, lililouza vifaa vya picha mjini. Studio yake ilifunguliwa 1948, mtaa wa Bamako-Koura, karibu na gereza, si mbali na stesheni ya reli ya Dakar hadi Niger. Watu waliteremka kwenye treni wakapita kwake.

Na kamera iliyofanya zile picha tunazozijua haikuwa ya mjomba. Ilikuwa kubwa, ya kusimama kwenye miguu mitatu, inayotumia filamu ya kipande kimoja kimoja cha sentimita 13 kwa 18.

Hebu tukae hapa kidogo, kwa sababu ndipo majibu mengi yalipo.

Kamera ya namna hiyo ni boksi la mbele lenye lenzi, boksi la nyuma lenye kioo cha ukungu, na katikati mvukuto unaojikunja kama wa akodioni. Mpiga picha anajifunika kitambaa cheusi na kutazama kile kioo. Anamwona mteja wake kichwa chini miguu juu. Anasogeza lenzi mpaka macho yakae sawa. Kisha anatoka chini ya kitambaa, anachomeka kibebeo cha filamu mahali pa kile kioo, na kuanzia hapo kupitia kamera haoni tena kitu. Kamera imepofuka. Anasimama kando yake akimtazama mteja kwa macho yake mwenyewe, na mteja anamtazama yeye au lenzi, wakiwa wawili wima, bila mashine kumfunika mmoja uso. Ndipo anapiga.

Nilipolielewa hili nikarudi kwenye picha ya yule kijana wa suti nyeupe, miwani mizito, kalamu mfukoni, ameshika ua moja la plastiki mbele ya kifua. Nimeiona picha hiyo kwenye simu mara mia, kwenye fulana, kwenye status za watu. Kila mara nilidhani utulivu wa uso wake ni wa enzi ile tu, kwamba watu wa zamani walikuwa hivyo. Sasa naona kuna sababu nyingine. Amewekwa, amesogezwa bega, ameambiwa ageuke kidogo, amesubiri mtu atoke chini ya kitambaa. Anajua kabisa ni lini anapigwa. Pia anajua haitarudiwa, kwa sababu filamu ilikuwa ghali na Keïta kwa kawaida alipiga mara moja tu kwa kila picha. Sisi tunajipiga selfi arobaini na kufuta thelathini na tisa. Yeye alipewa moja.

Kipimo cha filamu kinaeleza pia vile vitambaa. Sentimita 13 kwa 18 ni zaidi ya mara nne ya eneo la picha moja ya 6 kwa 9. Kila ua la gauni lina nafasi yake ya kutosha kwenye filamu. Lakini filamu kubwa ina masharti: sehemu inayoonekana kali ni nyembamba, mbele au nyuma yake ukungu unaanza. Keïta alifanya kazi uani, kwa mwanga wa jua, na pazia la nyuma liko karibu sana na mgongo wa mteja. Kwa hiyo gauni na pazia vyote vinaingia kwenye ile sehemu kali, vinagombana na kukumbatiana, maua juu ya maua. Wahakiki wameandika mengi kuhusu mtindo huu, wengine wameuita wa kisasa, wengine wameona muziki ndani yake. Sikatai. Ila ningependa angalau mmoja aseme kwamba ua lilikuwa dogo, na kamera ilikuwa na mahitaji yake, na seremala huyu aliyejua kupima alitumia kilichokuwepo. Pazia la kwanza lilikuwa kitambaa chake cha kutandika kitanda, chenye matamvua. Alikibadilisha baada ya miaka kadhaa, na baadaye alipoulizwa picha fulani ni ya mwaka gani, aliangalia pazia.

Suti nazo zilikuwa za studio. Saa za mkono, redio, kalamu, skuta ya Vespa, vilikuwepo kwa yeyote aliyetaka. Niliposoma hili nilicheka peke yangu nikikumbuka mkoba mweupe wa shosho.

Sasa kuhusu kukuza. Keïta alichapisha kwa njia fupi kuliko zote: negativi inalazwa moja kwa moja juu ya karatasi, taa inawashwa, basi. Picha inatoka na ukubwa uleule wa negativi. Mteja aliondoka na kitu cha sentimita 13 kwa 18, cha kuweka kwenye bahasha, kumtumia mama kijijini, kutundika ukutani kwenye fremu ndogo. Ukuta wa chumba, si ukuta wa jumba.

Mwaka 1991 baadhi ya picha zake zilionyeshwa New York, kwenye maonyesho ya Susan Vogel yaliyoitwa Africa Explores. Zilikuwa zimechapishwa upya kutoka kwa negativi, na lebo ilisema mpiga picha hajulikani. Mpiga picha alikuwa hai Bamako. Alikuwa ameacha studio mwanzoni mwa miaka ya 1960 kuwa mpiga picha wa serikali ya Mali, akastaafu 1977. Baadaye André Magnin, aliyekuwa akikusanya sanaa kwa niaba ya tajiri Jean Pigozzi, alisafiri hadi Bamako akamtafuta, na mwaka 1994 Fondation Cartier ya Paris ikamfanyia maonyesho yake mwenyewe. Picha zikawa kubwa. Zikawa na weusi mkali na weupe mkali, wakati zile za zamani zilizobaki zina kijivu laini, na nyingine rangi ya chai. Baada ya kifo chake, Paris, Novemba 2001, kukawa na vuta nikuvute ya kisheria kuhusu negativi. Hiyo sitaiingilia, ina mawakili wake.

Nilipoanza makala hii nilikuwa nimejiandaa kugomba. Nilikuwa na hoja yangu tayari: kukuza ni kupora. Picha iliyofanywa kwa mkono wa mama imegeuzwa bango la soko la sanaa, na yule kijana wa ua hakuulizwa kama anataka kuwa mrefu kuliko mlango. Ningeandika hivyo, na nyinyi mngeshea.

Shida ni Keïta mwenyewe. Alipoziona picha zake zimekuzwa, safi bila madoa, alifurahi mno. Alisema hapo ndipo alipojua kazi yake ilikuwa nzuri kweli kweli. Na mimi ni nani, kutoka Nairobi, nimwambie mzee asifurahie? Huyu ni mtu aliyelisha familia kwa kamera ile, akaona kwa mara ya kwanza kila kitu ambacho filamu ilikuwa imeshika na karatasi yake ndogo haikuonyesha. Maelezo yale yalikuwemo tangu 1950 na kitu. Hayakuongezwa na mtu wa Paris. Kijana wa saiba, yeye aliongeza: programu yake ilibahatisha ngozi ya shosho kwa sababu haikuwa na pa kuisoma. Alikuza karatasi, na karatasi ilikuwa tayari imesahau. Paris walikuza negativi. Hilo ndilo jibu la swali langu la kwanza, na ni jibu la kifundi tu, halina siasa ndani yake. Negativi ya shosho ilitupwa zamani, au ilichomwa, au iko kwenye boksi la mtu.

Basi hoja yangu ya uporaji nimeipunguza. Lakini sijaiacha yote, na kilichobaki kiko nyuma ya picha.

Picha zilizotoka kwa Keïta zilikuwa na muhuri mgongoni: Photo Keïta Seydou. Kila moja iliyoenda kijijini iliondoka na jina lake. Ukitaka kujua nani kaipiga, unageuza. Negativi haina mgongo. Ni uwazi mtupu pande zote mbili. Ndiyo maana ilikuwa rahisi kwa jumba la New York kuandika "hajulikani": walichukua ile sehemu ya kazi yake isiyobeba jina, wakaacha ile inayobeba. Kwa mtazamaji wa kawaida picha kubwa ya ukutani nayo haina mgongo. Huwezi kuigeuza. Unasoma lebo, na unaamini lebo.

Kwa hiyo nikisoma uhakiki kuhusu Keïta siku hizi naangalia mambo mawili. Je, mwandishi anasema ametazama picha ya ukubwa gani? Na imechapishwa lini, na nani? Wengi hawasemi. Wanaandika kuhusu weusi mzito wa mwanamke aliyelala kwenye shuka za mirabamiraba kana kwamba Keïta aliuchagua mwaka 1956, kumbe pengine ulichaguliwa na fundi wa Paris miaka arobaini baadaye. Ni kama kuhakiki sauti ya mwimbaji kwa kusikiliza rimiksi. Maonyesho ya Grand Palais ya 2016 yaliweka picha za zamani karibu na zile kubwa, na hata kwenye picha za ukumbini unaona watu wamezisogelea zile ndogo hadi paji la uso linakaribia kioo. Ningependa kuona lebo zote zikiwa na ujasiri huo: hii ni ya mkono wake, hii ni ya mkono mwingine, yeye aliiona, yeye hakuiona.

Na kuhusu Brownie, waandishi, tafadhali. Ama tuseme kamera ndogo ya boksi yenye filamu ya picha nane, ambayo inatosha na inalingana na alivyokumbuka mwenyewe, ama tutaje modeli tukiwa na uhakika nayo. Jina la kamera likipachikwa tu, ujue na mengine yamepachikwa.

Wiki mbili baada ya mazishi nilimwomba Shangazi ile picha ndogo. Alisita kunipa, na ninamwelewa. Nilipoigeuza, kulikuwa na muhuri wa zambarau, umefifia, jina la studio na nambari ya sanduku la posta Nakuru, na nambari nyingine ya kalamu, bila shaka ya negativi. Kijana wa saiba hakuiskani upande huo. Sikumwambia. Mimi mwenyewe sikuwa nimegeuza.

Shangazi alivaa miwani, akasoma muhuri polepole, akasema hapo siku hizi wanauza kava za simu. Halafu akaniuliza kama ile kubwa bado iko kwangu. Iko, nyuma ya mlango, imegeuzwa ukutani. Akasema nisiitupe, lakini pia nisiilete kwake.

Nambari ya kalamu ni 2 na 7, na ya tatu sijaisoma vizuri. Inaweza kuwa 1 au 4.